Tununue ploti ya Mwiki kwa mkopo, na jina langu lisiwemo?

BARUA

Mama, salamu nyingi. Mimi ni muuguzi katika hospitali moja ya umma hapa Nairobi, nina miaka 41. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari. Tumejaliwa watoto watatu na tumepanga Umoja tangu tuoane. Kila tarehe 5 tukituma kodi, mume wangu husema yale yale: tutamlishia landilodi watoto wake hadi lini?

Mwezi uliopita ajenti alitupeleka Mwiki, Kasarani, kuona ploti inayouzwa. Ni jengo la mawe, orofa mbili juu ya ile ya chini, vyumba 14. Bedsita ni 10, kila moja 7,500. Singo ni 4, kila moja 4,500. Jumla 93,000 kwa mwezi. Siku tuliyoenda palionekana pamejaa, nguo zimeanikwa kila ukumbi. Mtunzaji wa ploti, mzee mmoja mpole anayeishi singo ya chini karibu na geti, alituambia wapangaji wawili tu ndio wenye deni. Nyuma kuna kijito, mita kama 20 hivi kutoka ukutani. Mwenye ploti anataka 9,500,000. Hati miliki anasema iko njiani. Kwa sasa ana cheti cha hisa cha kampuni iliyouzia watu ardhi hiyo zamani.

Pesa tumezipanga hivi. Nina kiwanja Kamulu, kwenye barabara ya Kangundo, nilichonunua mwaka 2010 kabla sijaolewa. Kuna mtu yuko tayari kunipa 1,600,000. Akiba yetu ya pamoja benki ni 500,000. Mimi na mume wangu tuko Sacco moja, kila mmoja ana akiba ya 750,000, na Sacco hukopesha mara tatu ya akiba, kwa hiyo kila mmoja atachukua 2,250,000. Riba ni asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, miezi 84. Karani alitupigia hesabu, tutalipa kama 79,400 kwa mwezi sote wawili. Zinazobaki, 2,900,000, zitatoka kwa kaka mkubwa wa mume wangu aliye Minnesota.

Ajenti anasema ploti itajilipa yenyewe: 93,000 inaingia, 79,400 inatoka, na 13,600 tunabaki nazo za kula. Shemeji naye anatutumia video za Wamarekani walionunua nyumba za familia nne, wakaishi kwenye moja na kukodisha tatu. Anasema kanuni ni kwamba kodi ya mwezi iwe asilimia 1 ya bei, na hii ya Mwiki inakaribia kabisa.

Shida yangu ni hii. Shemeji ameomba hati iandikwe jina lake na la mume wangu pekee, eti majina yakizidi mawili mambo huwa magumu. Mume wangu ameona ni sawa. Nilipouliza langu, alisema, "Kwani mimi na wewe si kitu kimoja?" Mama mkwe naye akasema hayo ni mambo ya kaka wawili, nisiingize fitina. Kamwe sijawahi kugombana na watu hawa, Mama. Wamenilea kama binti yao.

Muuzaji anataka 2,000,000 kabla mwezi haujaisha, la sivyo atampa mnunuzi mwingine. Je, ploti hii ni nzuri? Na mimi kutaka jina langu liwepo, ni uchoyo? Nitamwambiaje mume wangu bila nyumba kuwaka moto?

Muuguzi, Umoja

JIBU

Mwanangu, nianze na lenye haraka. Mwezi utaisha, na hizo 2,000,000 zisitoke. Mnunuzi mwingine kama yupo, mwache anunue.

Sisemi hivyo kwa kuwa nachukia ploti. Nilikaa idara ya mikopo ya benki miaka mingi, na nimewaona walimu na wauguzi waliostaafu wakiishi vizuri kwa bedsita nane za Githurai au Kahawa West kuliko wenzao waliosubiri pensheni. Nyumba ndogo za kupangisha ni biashara ya kweli katika mji huu, kwa sababu wengi wa wakazi wake ni wapangaji. Lakini nilichoona mara nyingi zaidi ni watu wanaonunua kodi iliyoandikwa kwenye karatasi ya ajenti, kisha wanakuja kuomba mkopo mwingine wa kulipia ule wa kwanza.

Hebu tuchukue hiyo 93,000 tuitembeze polepole.

Yule mzee mpole wa getini, je, analipa kodi ya singo yake? Halipi, chumba ni sehemu ya ujira wake. Ajenti amekuhesabia mtunzaji kama mpangaji. Vyumba vya kulipa ni 13, na kodi ikijaa pomoni ni 88,500. Sasa toa watakaohama na watakaochelewa. Mtu akihama tarehe 3, unapaka rangi, unabadilisha kitasa, chumba kinakaa wiki tatu kabla hakijapata mtu. Januari karo za shule zinakuja na kila mpangaji ana hadithi yake. Mimi hutoa asilimia 10 na huwa sijutii. Zinabaki 79,650.

Hapo Mamlaka ya Ushuru, KRA, inachukua chake. Tangu Januari 2024 ushuru wa kodi za nyumba za kuishi ni asilimia 7.5, kutoka 10 iliyokuwapo awali, kwa yeyote ambaye kodi zake kwa mwaka ni kati ya 288,000 na milioni 15. Unalipwa kila mwezi, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na unakatwa kwenye kodi yote uliyokusanya. Huwezi kutoa gharama wala riba ya mkopo kwanza. Kwa hiyo hata mwezi ambao hujabaki na senti, KRA ina 5,970 yake. Unabaki na 73,680.

Mtunzaji anataka mshahara, na si ule wa elfu tano za huruma, weka 16,000. Halafu maji. Umesahau kuniambia bomba la mtaa huo hutoa maji siku ngapi kwa wiki, na ndilo swali la kwanza ambalo mpangaji wa Kasarani huuliza. Siku yakikatika unaagiza lori la maji, kwa sababu vyumba 13 bila maji huwa vyumba 13 vitupu kabla mwezi haujaisha. Ongeza stima ya ngazi na pampu, watu wa taka, na kama hakuna bomba la majitaka, lori la kunyonya choo. Weka 9,000 kwa pamoja. Ukarabati, 8,000: mwezi mmoja utatumia 2,000, mwezi mwingine tanki litapasuka na utatumia 40,000. Ada ya ardhi ya kaunti na bima ya jengo, weka 3,000.

Imebaki 37,680.

Sacco inataka 79,400. Pengo ni 41,720 kila mwezi, kwa miaka 7. Kodi zitapanda, nakubali, lakini mshahara wa mtunzaji na bei ya maji havitabaki vilipo. Zikibaki zilivyo, mtakuwa mmetoa mifukoni mwenu takriban milioni 3 na nusu kuilisha ploti mliyoambiwa itawalisha. Na hizo mtazitoa wapi? Mtakatwa 39,700 kila mmoja kabla mshahara haujafika benki. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza makato yote yazidi theluthi mbili ya mshahara, na kwa mishahara ya uuguzi na ualimu ninayoijua, mkopo huu utawasukuma nyote wawili hadi kwenye ukuta huo. Bado hamjalipa kodi ya Umoja, kwa sababu watu watano hamtahamia bedsita ya Mwiki. Mtoto akiugua, mtakopa kwa simu.

Wadhamini hukuwataja, lakini najua wapo. Akiba yenu inafunika 1,500,000. Milioni 3 zilizobaki zinafunikwa na akiba za wauguzi na walimu wenzenu watakaotia sahihi. Mkishindwa, Sacco haitaenda Mwiki kwanza, itaenda kwao.

Kuna gharama nyingine ambayo hamjaitia kwenye mpango. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4 ya thamani, yaani 380,000, na huo hulipwa na mnunuzi. Ongeza wakili, mthamini na mpima ardhi. Mpango wenu una 9,500,000 kamili, bila hata nauli ya kwenda kwa wakili.

Sasa shemeji na video zake. Simlaumu, anayoyaona huko ni ya kweli. Marekani kuna mikopo inayowekewa bima na serikali kupitia FHA, shirika lake la nyumba, ambapo mtu ananunua jengo la hadi nyumba nne kwa kutoa asilimia 3.5 tu mkononi, mradi aishi kwenye moja. Anapewa miaka 30 ya kulipa, na riba haibadiliki hadi mwisho. Chukua mkopo wenu ule ule wa 4,500,000, uweke miaka 30 kwa asilimia 7. Malipo ya mwezi yanashuka hadi karibu 30,000. Kwa masharti hayo ploti ya Mwiki ingejilipa na kubakisha 7,000 na kitu. Jengo ni lile lile na wapangaji ni wale wale. Kilichobadilika ni mkopo. Sisi hapa riba yetu ni asilimia 12 kwa mwaka na miaka ni 7. Ndiyo maana Kenya nzima, yenye watu zaidi ya milioni 50, ina mikopo ya nyumba takriban 30,000 tu kwenye mabenki. Kanuni ya asilimia 1 ilizaliwa kwenye mikopo ya kwao. Na Wamarekani hao hao wana kanuni nyingine ambayo shemeji hakuituma: nusu ya kodi huliwa na gharama kabla hujagusa mkopo. Nusu ya 88,500 ni 44,250. Hata kwa hesabu ya video zake, Sacco hailipiki.

Ukitaka kujua ploti hii inaweza kubeba deni gani, ni kama 2,100,000 kwa masharti ya Sacco yenu, si zaidi. Na ukitaka kujua bei yake kwa mtazamo wangu, chukua zinazobaki kwa mwaka, 452,000. Kwa bei ya 9,500,000 hiyo haifiki asilimia 5. Mnakopa kwa 12 ili mpate chini ya 5. Februari 2024 serikali iliuza hati fungani ya miundombinu ya miaka 8 na nusu iliyolipa asilimia 18.46 kwa mwaka bila ushuru, na mwenye hati fungani haamshwi usiku kwamba choo cha orofa ya pili kimeziba. Riba zimeshuka tangu hapo, lakini umenielewa. Mimi nisingelala vizuri chini ya asilimia 8, na hiyo inanipa bei ya milioni 5 na laki 6 hivi. Muuzaji atacheka. Mwache acheke.

Wenye kutetea ununuzi huu watakwambia thamani ya ardhi hupanda, na hapo ndipo faida iko. Huenda. Lakini hiyo faida utaiona siku ya kuuza, ikikatwa asilimia 15 ya ushuru wa faida ya mtaji, na kabla ya siku hiyo kuna miezi 84 ya kulipa.

Sasa nikujibu lililokuuma, kwa sababu hesabu hizi na swali la jina lako ni kitu kimoja. Ploti haijilipi. Italipwa na mishahara. Kwa hiyo swali la nani yuko kwenye hati ni swali la nani atakayelipa, na mimi nimekaa nikahesabu.

Kiwanja cha Kamulu ni chako, 1,600,000. Nusu ya akiba ya benki ni yako, 250,000. Nusu ya mkopo utaulipa wewe, 2,250,000. Jumla 4,100,000, yaani asilimia 43 ya ploti yote. Shemeji anatoa 2,900,000, asilimia 30 na nusu. Mume wako 2,500,000, asilimia 26. Mwenye fungu kubwa kuliko wote ni wewe, na ndiye pekee ambaye jina lake halimo. Huo uchoyo uko wapi?

Sheria inakulinda kiasi, na ni vizuri ujue ni kiasi gani. Chini ya Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, ulichopata kabla ya ndoa si mali ya ndoa, kwa hiyo Kamulu ni yako. Ukiiuza na kuzitumbukiza pesa kwenye hati yenye majina ya watu wengine, umegeuza kitu usichohitaji kumthibitishia mtu yeyote kuwa kitu utakachokwenda kukithibitisha mahakamani. Sheria hiyo hiyo inachukulia kwamba mali iliyonunuliwa wakati wa ndoa kwa jina la mmoja, mwenzake ana haki ndani yake, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Lakini hapa kuna mtu wa tatu, na yeye hajakuoa. Umiliki wa pamoja usiogawika, ambapo mmoja akifa fungu lake huenda moja kwa moja kwa aliyebaki, tangu Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 ni wa mume na mke tu, isipokuwa mahakama iruhusu vingine. Kaka wawili hawaupati hivi hivi. 

Aina ya pili ni umiliki wa hisa, ambapo kila mmoja anaandikwa na fungu lake na linarithiwa na watu wake. Majina matatu yanakaa kwenye hati bila taabu yoyote; yanaweza hata kuwa zaidi. Kama siku moja mtanunua pamoja na shemeji, iwe hivyo, na kuwe na mkataba wa wakili unaosema nani anakusanya kodi, nani anaamua ukarabati, na mmoja akitaka kutoka fungu lake linathaminiwa vipi. Hilo linamlinda yeye pia, aliye mbali. Sijui ni mara ngapi nimeona mtu wa ng'ambo akirudi Desemba na kukuta ploti aliyoilipia ina jina la mwingine. Mweleze kwa njia hiyo na huenda akakusikiliza.

Kuhusu ploti yenyewe nitakuwa mfupi, maana kuna jambo ambalo peke yake lingetosha kuniondoa hapo. Kijito mita 20 kutoka ukutani. Kanuni za maji zinatambua hifadhi ya kingo za mto kuanzia mita 6 hadi 30 kutegemea mto wenyewe, na wakati wa mafuriko ya Aprili na Mei 2024 serikali iliwaamuru wote walio ndani ya mita 30 za mito ya Nairobi kuondoka, kisha matingatinga yakaingia Mathare na Mukuru. Jengo lililoporomoka Huruma usiku wa 29 Aprili 2016 na kuua watu wapatao 50 lilikuwa kando ya mto vilevile. Sisemi hili la Mwiki litaanguka. Nasema hakuna atakayekurudishia pesa zako tingatinga likija, na bima haitalipa.

Halafu cheti cha hisa. Hicho si hati miliki, na huwezi kukifanyia upekuzi rasmi kwenye Ardhisasa, mtandao wa ardhi wa serikali, ukajua kama ardhi ina deni, kesi au mmiliki mwingine. "Iko njiani" ni maneno ambayo nimeyasikia kuhusu hati za mtaa huo nikiwa kijana. Walionunua Syokimau kwa karatasi walizoziamini walibomolewa Novemba 2011, na wa Mavoko wakabomolewa Oktoba 2023. Ukiona cheti cha hisa, bei ishuke sana au uondoke. Mimi huondoka.

Siku utakapoona ploti nyingine, na utaona nyingi, omba mambo haya kabla ya kuzungumza bei. Taarifa ya M-Pesa au ya benki ya miezi 12 inayoonyesha kodi zikiingia, chumba kwa chumba. Risiti za ushuru wa kodi kutoka KRA za miezi hiyo hiyo. Muuzaji anayekuambia anakusanya 93,000 na KRA haijui kitu, mmoja kati yako na KRA anadanganywa. Ramani iliyoidhinishwa na kaunti, na mhandisi wako mwenyewe akague nguzo, maana watu huongeza orofa juu ya msingi wa chumba kimoja. Uliza kama kila chumba kina mita yake ya tokeni, kwa sababu mita moja ya pamoja ina maana kwamba pasi na jiko la stima la kila mpangaji ni juu yako. Na dipositi za wapangaji ziko wapi? Wakihama watakudai wewe, si landilodi aliyeuza na kuhamia Nyeri. Zikatwe kwenye bei. Wale wenye deni ujue kwamba huwezi kuwatilia kufuli wala kung'oa mlango; utatoa notisi na kufuata sheria, na kwa miezi hiyo yote hulipwi. Malipo ya kwanza kwa desturi ni asilimia 10, na hukaa kwa wakili hadi mambo yakamilike. Hapa ingekuwa 950,000, kwa hiyo 2,000,000 anazozitaka zinanifanya nijiulize ana haraka ya nini.

Mfanye nini basi? Usiuze Kamulu. Huna haja ya kukijenga sasa. Huko wengi hujenga kuishi wenyewe na wapangaji ni wachache, kwa hiyo usidanganywe kupanga singo kumi za mabati ukidhani zitajaa kama za mtaa wa Pipeline. Kiache kikae na hati yake kabatini. Kwa miaka miwili au mitatu ongezeni akiba Sacco kwa sehemu ya zile 39,700 mlizokuwa tayari kukatwa. Mkiweza kuishi bila elfu 25 kila mmoja mtajijua mnaweza, na mtakuwa mmeweka milioni 1 na laki 2 kwa miaka miwili bila mdhamini hata mmoja. Kisha tafuteni ploti ndogo, vyumba 6 au 8, yenye hati, ambayo deni lake kodi halisi inaweza kulibeba.

Na mume wako. Usianze na jina. Ukianza na jina ataisikia sauti ya mama yake na ya kaka yake, na mtaongea kuhusu heshima usiku kucha. Ngoja Jumapili watoto wakiwa wametoka, weka mezani hati zenu mbili za mshahara na karatasi tupu. Mwombe yeye aandike, si ni mwalimu? Mwanzie 88,500, si 93,000, umweleze kwa nini, kisha mtoe kitu kimoja kimoja kama nilivyofanya hapo juu. Gharama yoyote asiyoiamini, mwache aiulize mwenyewe kwa landilodi wenu wa Umoja, ambaye naamini atafurahi kulalamika. Akifika 37,680 au karibu na hapo, mpe na barua ya Sacco.

Akikubali kuiacha ploti, swali la jina limepumzika, ila msilizike. Mwambie siku hiyo hiyo, kwa upole, kwamba ploti ijayo utataka fungu lako liandikwe, na ungependa la watoto wake lilindwe pia. Akisisitiza kununua hivyo hivyo, basi mkopo wako wa 2,250,000 usiuombe na Kamulu usiiuze. Bila hivyo viwili hakuna ununuzi, na hilo hahitaji kulipenda ili liwe kweli. Shemeji mpigie mwenyewe, usimtume mume wako kuwa mjumbe kati yenu. Mshukuru kwa nia yake, na umuulize kama 2,900,000 zake angezitoa kwa jengo lisilo na hati, mita 20 kutoka mtoni, huko Minnesota.